Sikio Lisilopona: Saratani ya Mfereji wa Sikio na Matibabu Yake



Karibu kila boma lina mtu aliyewahi kuumwa na sikio. Mara nyingi huwa ni uambukizi wa kawaida, na dawa ya matone huumaliza kwa siku chache. Lakini wapo wachache ambao sikio hutoa usaha mwezi baada ya mwezi. Wakipewa matone hupata nafuu, kisha usaha hurudi. Miongoni mwao huenda yumo mtu mwenye saratani ya mfereji wa sikio.

Ugonjwa huu ni nadra sana. Hukadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya milioni 1 kwa mwaka, na ndiyo sababu hudhaniwa kuwa uambukizi. Dalili zake ni usaha usiokoma, hasa wenye damu, maumivu yanayozidi, kinyama au kidonda ndani ya mfereji, na kupungua kwa usikivu. Uso ukipooza upande huo, huenda saratani imefikia neva ya uso inayopita ndani ya mfupa wa sikio. Dalili ya mvua ni mawingu.

Kwa kutazama tu, daktari hawezi kuwa na hakika. Hukata kipande kidogo cha kinyama hicho na kukipeleka maabara. Kipimo hicho huitwa biopsi. Kisipoonyesha saratani na dalili zikaendelea, hurudiwa. Picha za CT na MRI huonyesha ugonjwa umefika wapi.

Matibabu makuu ni upasuaji. Saratani ikiwa bado mferejini, daktari huondoa mfereji, kiwambo cha sikio na mfupa unaouzunguka. Iliyoenea huhitaji upasuaji mkubwa zaidi, kisha mionzi, na pengine dawa za kemotherapia. Usikivu wa sikio hilo hupungua sana, ingawa baadhi ya wagonjwa husaidiwa na kifaa kinachopitisha sauti kwenye mfupa.

Matokeo hutegemea wakati. Kwa waliogunduliwa mapema, takriban 8 kati ya 10 au zaidi huwa hai miaka 5 baada ya matibabu. Saratani ikishapenya ndani zaidi na kupooza uso, idadi hiyo hushuka hadi nusu au chini yake. Hata aliyepona huendelea kuhudhuria kliniki, kwa kuwa ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi katika miaka 2 ya kwanza.

Hapa nchini, matibabu ya mionzi katika hospitali za umma hupatikana Nairobi, Eldoret, Mombasa, Nakuru na Garissa. Safari ya mgonjwa huanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako huandikiwa barua ya rufaa kwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mwananchi aliyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kulipa michango yake, hupunguziwa mzigo wa gharama.

Basi mwenye sikio lililotibiwa kwa wiki kadhaa bila kupona asinunue chupa nyingine ya matone dukani, wala asilichokonoe kwa kijiti. Aombe rufaa, na akifika kwa daktari aulize kama anahitaji biopsi.