Nyanya Naye Aonekane Kwenye Picha

Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia



Wapendwa akina mama, akina baba na vijana, leo tumeombwa tuzungumze juu ya simu na masomo ya watoto. Tutaanza na ya nyumbani kwetu, kwa maana anayetaka kufagia kijiji aanze na ua wake.

Mnajua kwamba Januari 2019 mtaala wa umilisi ulianza kufundishwa nchini kote, Gredi ya 1 hadi ya 3. Tangu hapo sisi wazazi tumekuwa wapiga picha. Mtoto anapewa kazi ya kufanya nyumbani, mzazi anampiga picha na kumtumia mwalimu.

Mtoto wetu aliambiwa apepete maharagwe. Sisi hatukuwa na nafasi ya kumfundisha. Nyanya yake ndiye aliyesimama naye uani, akamshikisha uteo, akamwonyesha upepo unatoka wapi ili makapi yasimrudie machoni. Walifanya hivyo siku mbili.

Halafu sisi tukaja na simu. Tukasema, "Mama, hebu songa kando kidogo, mtoto aonekane peke yake." Mama akasonga. Akacheka, akasema yeye ni mzee, picha ni za watoto. Tukapiga, tukatuma, mwalimu akafurahi.

Mama alipofariki, tulitafuta picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi. Simu ilijaa mahindi, mbuzi, mikutano ya vikundi, na mtoto mamia kwa mamia. Ya mama? Tulipata ya kitambulisho tu. Na katika ile ya maharagwe, pembeni kabisa, mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa kuelekea uteo. Jamani, tulilia.

Zamani mpiga picha alikuja kijijini wakati wa Krismasi. Filamu yake ilikuwa na picha 36 basi, na kila moja ililipiwa. Lakini nyanya aliwekewa kiti katikati. Leo tunapiga bila kuhesabu, na nyanya anaambiwa asonge!

Hatusemi simu ni mbaya. Tunaomba mambo manne.

Kwanza, kazi itangulie, picha ifuate. Ukimshikisha mtoto jembe dakika moja tu ya picha, kisha ukamnyang'anya, umemfundisha uongo.

Pili, aliyemfundisha mtoto naye aonekane. Mwalimu ajue kwamba nyumbani pia kuna walimu.

Tatu, mtoto wa asiye na simu asiachwe nyuma. Mwenye simu amsaidie jirani, na kikundi kichangie bando. Ila tusisambaze picha ya mtoto wa mwenzetu kabla ya kumwuliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza.

Nne, kila mwaka tutoe picha mbili tatu kwenye karatasi, tuziweke pamoja na vyeti vya ubatizo. Simu huibwa, simu huanguka majini.

Basi, mkifika nyumbani leo, kabla jua halijatua, mwiteni nyanya, mwiteni na babu. Wawekeeni kiti katikati. Wakisema picha ni za watoto, msiwasikilize.