MAZUNGUMZO YA AFYA: CHAKULA CHA KONDENI SI CHAKULA CHA DHIKI

Si jambo geni siku hizi, Unguja na Pemba, kumsikia mtu mzima akilalamikia sukari au presha, au kupata habari ya jamaa aliyepooza nusu ya mwili. Maradhi hayo hayaambukizi wala hayaletwi na mbu. Aghalabu huingia mwilini taratibu, na mlo wa kila siku ni mojawapo ya milango yake mikubwa. Yanapomwangusha mchumaji wa nyumba, watoto na wazee wanaomtegemea huanguka pamoja naye.

Wazee wa visiwa hivi walitegemea sana mazao ya kondeni: muhogo, majimbi, mtama, mawele, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, matembele na kisamvu. Leo vyakula hivyo vimepachikwa jina la chakula cha dhiki. Mwenyeji huona haya kumwandalia mgeni kisamvu, lakini akimwekea nyama ya kukaanga, wali mweupe na soda huhesabiwa kuwa amemkirimu. Fikra hiyo ndiyo inayopasa kuondolewa.

Ifahamike kwamba mboga, matunda, kunde na nafaka zisizokobolewa zina nyuzinyuzi, ambazo huifanya sukari ya chakula iingie katika damu polepole, hushibisha kwa muda mrefu na huondosha taabu ya kufunga choo. Mboga na matunda yana pia madini ya potasiamu, yasaidiayo kuteremsha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na muhogo na viazi havihesabiwi humo. Chumvi nayo isizidi gramu 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

Wapo wanaohofu kwamba apunguzaye nyama atadhoofika. Hofu hiyo haina msingi, kwani wali kwa choroko, au mtama kwa kunde, hukamilishana: kile kinachopungua katika protini ya nafaka hujazwa na ile ya kunde. Samaki hakatazwi. Linaloombwa ni kuwa sehemu kubwa ya sahani itokane na mimea.

Hata hivyo, wananchi wanatakiwa wazingatie mambo yafuatayo:

(a) Si kila kitokacho mtini huliwa bila ya kipimo. Tui zito la nazi lina mafuta yanayozidisha lehemu katika damu, kwa hivyo muhogo na majimbi ya futari yatiwe tui jepesi, na sukari ipunguzwe.

(b) Kisamvu kitwangwe na kichemshwe vya kutosha, kwani kikiwa kibichi kina sumu.

(c) Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu huuzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na kunde. Badala yake pawepo chungwa, pera au ndimu, ambazo husaidia kuyachukua. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa mama wajawazito.

(d) Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa aonane na daktari ili apatiwe vitamini B12. Upungufu wake hupunguza damu na kudhuru mishipa ya fahamu.

(e) Mgonjwa wa sukari au presha asiache dawa zake. Mwenye maradhi ya figo apate ushauri kwanza kabla ya kubadili mlo, kwani potasiamu nyingi yaweza kumdhuru.

Ndugu Wananchi, fungu la mchicha na kibaba cha choroko havihitaji utajiri, bali dawa ya sukari au presha hutafutwa mwezi hadi mwezi, pengine umri mzima. Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Basi kila mwenye nyumba anaombwa aanze na sahani yake mwenyewe, na mgeni naye akaribishwe kisamvu bila ya haya.