KIMEMO SI BREKI

Haya ni maneno ya hotuba aliyoitoa mwenezi wetu mmoja wa upande wa Tarime, mbele ya wanachama, wakulima, madereva na matajiri wa malori wa Tarime na Serengeti. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu wote.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, ndugu madereva, vijana wenzangu:

Nimesimama mbele yenu kwa jambo moja tu, na jambo lenyewe ni malori. Malalamiko yamefika ofisini kwetu kwamba askari wa usalama barabarani wamekuwa wakali. Mkulima anasema ndizi zake zimelala njiani mpaka zikaiva. Mfanyabiashara wa ng'ombe anasema amechelewa mnadani. Tajiri wa lori anasema namba za gari lake zimeng'olewa. Wote wanataka chama kiende kwa mkuu wa polisi kumwambia, "Bwana, legeza kidogo."

Kabla sijajibu nitaungama kosa langu, maana asiyejisema mwenyewe hana haki ya kuwasema wenzake.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kuingia kazi ya chama, nilikuwa kijana wa kupenda sifa. Siku moja alinijia mwenye lori, mtu aliyetusaidia sana wakati wa mikutano. Lori lake lilikuwa limezuiwa na askari kwa sababu ya breki. Akasema, "Mwalimu, niandikie mistari miwili tu." Nikaandika. Lori likaachiwa, nami nikajiona mtu mkubwa. Siku chache baadaye lori lile lile, limejaa magunia ya mahindi, lilishindwa kusimama kwenye mteremko likaingia katika vibanda vya akina mama wauza ndizi. Mungu alitunusuru, hakufa mtu. Lakini mama mmoja alivunjika mguu, na tangu siku ile anatembea kwa fimbo. Nilipokwenda kumwona hospitali alinishukuru kwa kumletea sukari. Hakujua kwamba ni mimi niliyelileta lile lori.

Ndugu zangu, tangu siku ile sijaandika kimemo kingine. Kimemo si breki. Mistari yangu miwili ilimzuia askari, lori haikulizuia.

Sasa tutazame jambo lenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Ilitungwa na Bunge letu sisi wenyewe, wala si amri tuliyoachiwa na mkoloni. Inataka gari liwe zima kabla ya kuingia barabarani: breki, usukani, tairi, taa, vioo. Inataka gari la zaidi ya kilo 3,500 lisipite mwendo wa kilometa 80 kwa saa, na penye makazi ya watu kila gari lisipite 50. Tena haimshiki dereva peke yake. Inamgusa na mwenye gari anayeruhusu gari bovu litumike. Tajiri asiseme, "Mimi nilikuwa nyumbani Mugumu, muulizeni dereva." Dereva hakununua lile tairi kipara. Amepewa gari na kuambiwa, ukikataa yupo mwingine.

Wengine wanafikiri ubovu wa breki ni jambo la bahati. Hapana. Breki za lori kubwa zinatumia hewa iliyoshindiliwa. Mpira ukipasuka na hewa ikivuja, nguvu inapungua. Na hata breki nzima, dereva akishuka mlima mrefu na mzigo mzito huku amekanyaga breki tangu juu mpaka chini, zitapata moto na kuacha kushika. Ndiyo maana dereva mwenye akili huingiza gia ndogo akiwa bado juu. Sisi wa Tarime tunakaa milimani. Mizigo yetu yote, mahindi, ndizi, mawe, saruji, inashuka na kupanda. Kwetu sisi breki ni roho za watu.

Tutazame na uzito. Mtu anasema, "Nikiongeza tani tano namkosea nani?" Wataalamu wa Marekani walifanya majaribio makubwa ya barabara katika Illinois kati ya mwaka 1958 na 1960. Waliona kwamba ukizidisha uzito wa ekseli mara mbili, madhara kwa barabara hayawi mara mbili, bali hukaribia mara kumi na sita. Ndiyo sababu nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana sheria moja ya uzito wa magari, ya mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitumia mwaka 2019. Lori na tela zake, hata likiwa na ekseli nyingi namna gani, lisizidi tani 56. Barabara ya kutoka Mwanza kupitia Musoma mpaka Sirari imejengwa kwa fedha ya wananchi. Anayezidisha mzigo anachukua mfukoni mwa mkulima ambaye hana hata baiskeli.

Tena msidhani mambo haya yanatokea kwa wengine tu. Tarehe 11 Machi 2015, huko Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria, na zaidi ya watu 40 walikufa. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliokufa wakapita mia moja. Malori ya mafuta yanapita na kwetu, kwenda mgodini Nyamongo na kwenda mpakani. Vijana, nawasihi: lori la mafuta likianguka, kimbieni mbali nalo, na ndoo ziacheni nyumbani.

Sasa niseme juu ya askari, maana nao wamo katika hotuba hii.

Zamani mwananchi alimjua askari kama mtu wa kudai kodi ya kichwa. Akimwona anajificha. Baada ya Uhuru askari ni ndugu yetu, tunamlipa sisi. Lakini ndugu naye huambiwa ukweli. Yako mambo mawili yanayowaudhi wananchi, na malalamiko haya ni ya haki.

La kwanza ni faini isiyoponya. Kwa miaka mingi faini ya papo kwa papo ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa. Tajiri anapiga hesabu: tairi jipya la lori ni mamia ya maelfu, faini ni bei rahisi. Basi analipa na lori linaendelea na safari, tairi lile lile, breki ile ile. Hiyo si kazi ya usalama, ni ushuru wa ubovu. Taa iliyoungua, mtoze faini aende akanunue balbu. Lakini breki mbovu, usukani uliolegea, tairi lililotoka nyuzi, gari hilo lisiondoke mpaka litengenezwe na kukaguliwa tena. Askari anayeng'oa namba za gari la namna hiyo hamwonei mtu, amefanya kazi tuliyomtuma.

La pili ni rushwa. Noti inayopita dirishani ni ndugu yake kimemo changu. TANU iliwafundisha wanachama kwamba rushwa ni adui wa haki, isipokelewe wala isitolewe. Angalieni neno hilo la pili. Dereva anayelalamika juu ya askari mla rushwa, huku ameweka noti ndani ya leseni, ni mshirika wake. Faini ya halali inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na mtu anapewa karatasi yake. Anayedaiwa fedha bila karatasi asilipe. Aende TAKUKURU, na chama kitafuatana naye.

Lipo na jambo la tatu, la utaratibu. Lori linalotoka Nyamongo kwenda Mugumu linavuka Mto Mara, na hapo limetoka katika Mkoa wa Kipolisi wa Tarime na Rorya likaingia katika Mkoa wa Mara. Makamanda ni wawili, barabara ni moja, na dereva mjanja anajua hivyo. Lililokatazwa huku lisiruhusiwe kule. Nasi tutaomba ukaguzi ufanywe siku ya mnada asubuhi, pale malori yanapoegeshwa, kabla ya kupakia. Lori bovu litajulikana likiwa tupu, na ndizi za mkulima hazitaiva njiani kwa kosa ambalo si lake.

Basi jibu langu kwa ndugu waliotutuma ni hili. Tutakwenda kwa mkuu wa polisi. Lakini hatutamwambia alegeze. Tutamwambia akaze, tena akaze kwa wote: lori la mkulima, lori la mfadhili wa chama, na lori la serikali lenyewe.

Na sisi tuna kazi yetu. Mosi, hakuna kiongozi wa tawi atakayeandika kimemo au kupiga simu kuombea gari bovu. Atakayefanya hivyo atajieleza mbele ya wanachama. Pili, mtu asipande juu ya mzigo. Najua usafiri ni shida, nami nimepanda juu ya magunia mara nyingi, lakini lori likipinduka aliye juu ndiye wa kwanza kulaliwa. Tatu, madereva wakiharibikiwa waweke pembe tatu nyuma ya gari, na wakiondoka wayatoe yale mawe waliyozuilia magurudumu. Jiwe lililoachwa njiani usiku limeua waendesha pikipiki wengi. Nne, wenye malori na waungane wakodi fundi mmoja mzuri wa breki. Tajiri mmoja peke yake anaona gharama. Kumi wakichanga ni fedha kidogo.

Kwa mila yetu ya Kikuria, jambo likiwasumbua watu hukaa ritongo, kila mtu akasema analolijua mbele ya wenzake. Leo nimesema langu. Yule mama mwenye fimbo yuko hapa, amekaa mstari wa tatu. Alikuwa hajui, na sasa amejua. Mama yangu, nakuomba radhi mbele ya watu wote hawa.

Uhuru na Kazi!