Damu ya Mgonjwa wa Kifua Kikuu: Tusome Nini?



1. Utangulizi

Mgonjwa anakohoa wiki ya tatu sasa. Jioni homa, usiku jasho. Majibu ya damu yakirudi, jicho letu hukimbilia hemoglobini, kisha karatasi ikaingia jaladani. Naomba tuisome hadi mstari wa mwisho, maana chembe nyeupe zina habari za mapafu.

2. Yanayoonekana kwenye darubini

Tuhesabu chembe nyeupe 100. Nutrofili, ambazo kiini chake kimegawanyika vipande vilivyoshikwa na uzi mwembamba, mara nyingi huongezeka. Monosaiti, kubwa, kiini kimepinda mithili ya figo, nazo huongezeka. Limfosaiti, ndogo za mviringo, hupungua. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuwa na limfosaiti 30 kwa monosaiti 6; aliyeshikwa sana na ugonjwa, tuseme 12 kwa 9. Nchini Marekani, Florence Sabin na wenzake walizifuatilia monosaiti za kifua kikuu tangu miaka ya 1920.

3. Limfosaiti zimekwenda wapi?

Damu ni barabara tu; vita viko mapafuni. Bakteria akimezwa na makrofaji hafi kirahisi, bali hujificha humo humo na kuzaana. Hapo limfosaiti za CD4 hufika na kutoa interferoni gama, inayoipa makrofaji nguvu ya kuua. Monosaiti hutoka kwenye uboho, hupita damuni, na zikifika mapafuni hugeuka makrofaji. Kwa pamoja huwazingira bakteria kwa ukuta tunaouita granuloma. Basi limfosaiti tusizoziona kwenye slaidi, baadhi zimekwenda vitani na nyingine zimekufa. Nutrofili nazo zikipasuka humwaga vimeng'enya vinavyolila pafu lenyewe.

4. Tahadhari

Kwanza, CD4 inaweza kushuka kwa mgonjwa asiye na VVU kabisa, ikapanda akitibiwa. Tusimkisie mtu VVU kwa CD4, tumpime.

Pili, Waafrika wengi kwa kawaida wana nutrofili chache kuliko Wazungu. Kiwango kilichowekwa kwa kupima watu wa Ulaya chaweza kutuficha ongezeko la kweli.

Tatu, maambukizi mengine pia huvuruga hesabu hizi. Damu hutuamsha, makohozi ndiyo huthibitisha.

5. Mapendekezo

Tumlinganishe mgonjwa na yeye mwenyewe: hesabu ya siku ya kuanza dawa, ya mwezi wa pili, na ya mwisho wa miezi 6. Limfosaiti zikirejea na monosaiti zikitulia, ni dalili njema ya kusomwa pamoja na makohozi na uzito wake.

Na pale ambapo hemoglobini imeshuka, limfosaiti chache, monosaiti nyingi, na kikohozi hakijaisha, mgonjwa asiruhusiwe kuondoka kabla hajapewa kikopo cha makohozi. Damu yake amekwisha kuitoa. Deni letu ni kuisoma yote.