Nahodha Kwanza, Chombo Baadaye
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wahitimu)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi vijana mnaosoma hapa hivi sasa:

Kamati ya Safari imenitaka nieleze jambo moja tu, nalo ni chombo gani tukodi kwa safari yetu ya baharini mwezi wa Desemba. Naishukuru Kamati kwa heshima hiyo. Mimi ni mtumishi wa serikali, si baharia. Nimezaliwa katika miteremko ya Uluguru, na maji niliyoyajua utotoni ni ya kijito cha kuchotea. Lakini kazi yangu imenizoeza kusoma mikataba kabla haijatiwa sahihi, na bila shaka ndiyo sababu nimetumwa.

Hali yenyewe ni hii. Tuliojiandikisha ni watu 36. Kati yetu wamo wastaafu watano, wenzi wetu na watoto wetu, pamoja na wanafunzi wanne wa shule hii ambao chama kimeamua kuwalipia kama tuzo ya bidii yao. Nilipouliza katika kikao kilichopita nani anajua kuogelea, mikono iliyoinuliwa haikufika kumi. Maji ya Mgeta na ya vijito vingine vya milima yetu huingia mto Ruvu, na Ruvu huishia baharini karibu na Bagamoyo. Maji yetu, ndugu zangu, yameizoea safari hiyo tangu zamani. Sisi wenyewe bado.

Chombo tunachokifikiria huitwa katamarani, tena tunataka kukikodi pamoja na nahodha, mabaharia na mpishi wake. Vijana wameniuliza katamarani ni nini. Jina limetoka katika lugha ya Kitamil, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Ni chombo chenye matumbo mawili membamba yaliyounganishwa juu kwa sakafu moja pana. Aliyevuka kwenda Unguja kwa boti ziendazo kasi za Azam amekwisha kupanda chombo cha namna hiyo, ingawa zile huendeshwa kwa injini na hiki chetu hutumia tanga, injini ikiwa ni msaidizi.

Faida zake ni za kweli. Kwa kuwa ni kipana, hakilali sana upande mmoja upepo unapovuma, na hiyo ni rehema kwa wazee. Hakizami kina kirefu majini, kwa hiyo huweza kusogea karibu na ufuko. Lakini msidanganyike kwamba hakipinduki. Kikipinduka, aghalabu hubaki vivyo hivyo, chini juu, hakijigeuzi. Aidha, hakipendi mzigo: kikijazwa kupita kiasi hupoteza wepesi wake, na mawimbi huanza kupiga sakafu kwa chini. Basi usalama wake unategemea mambo mawili: idadi ya watu isizidi, na nahodha ajue kupunguza tanga mapema kabla upepo haujamlazimisha.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi haya ili kutia watu hofu. Nchi yetu imekwisha kulipa ada kubwa kwa somo hili. Mei 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu katika MV Bukoba, karibu na Mwanza. Septemba 2011 MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi mno kupita idadi iliyoruhusiwa. Julai 2012 MV Skagit ilizama karibu na Chumbe wakati wa upepo mkali. Meli ile ilikuwa imejengwa Marekani kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara, na zaidi ya watu 220 wakafariki. Vyombo vilikuwa mbalimbali na maji mbalimbali, lakini maswali yanayobaki ni yale yale: kilibeba wangapi, kilijengwa kwa maji gani, na nani alikuwa na mamlaka ya kusema leo hatuondoki.

Kwa maswali hayo, wajumbe watatu wa Kamati tulikwenda kutazama vyombo vitatu. Wenyewe sitawataja, maana hatujaingia mkataba na yeyote.

Chombo cha kwanza kilikuwa kizuri mno. Kina vyumba vinne vya kulala na huchukua wageni wanane. Vyombo vya kulala wageni kwa kawaida ni vya kiasi hicho, na iko sababu. Katika sheria za kimataifa za usalama baharini, ambazo mkataba wake wa kwanza ulitungwa mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama mwaka 1912, chombo chenye abiria zaidi ya 12 huhesabiwa kuwa meli ya abiria, na masharti yake huwa mazito zaidi. Kwa hiyo sisi 36 tungehitaji vyombo vitano vya aina hiyo. Gharama yake ingewaacha wastaafu na walimu nyumbani, na safari ingekuwa ya wenye mishahara minono peke yao.

Chombo cha pili kilikuwa kikubwa, cha kutembeza watu mchana tu. Aliyetupokea alisema mara moja, “Thelathini na sita? Mtaenea wote, hata arobaini.” Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Tulipoomba kuona cheti cha usalama, kiliandikwa watu 25.

Chombo cha tatu nacho ni cha mchana. Cheti chake kinaruhusu watu 22, wakiwemo mabaharia wanne. Yaani abiria 18. Nahodha mwenyewe ndiye aliyetupokea. Kabla ya kutaja bei alituuliza maswali yake: wangapi hawajui kuogelea, watoto wana umri gani, nani ana maradhi ya moyo au kifafa. Akatuonyesha maboya ya kuvaa, yakiwemo madogo ya watoto, na redio ya kuitia msaada. Kisha akasema, “Siku nikisema hatutoki, hatutoki, na msinijie na habari za fedha mlizolipa.” Mjumbe mmoja aliona huo ni ukali. Mimi niliona huyu ndiye tuliyekuwa tukimtafuta.

Vijana mnaopanda Lupanga mnanielewa. Mlima ule una mita 2,138, na wingu hushuka ghafla. Kiongozi akisema turudi, hurudi hata waziri. Iweje basi baharini, ambako hatujui hata njia, tutake kumwamuru nahodha kwa sababu tu tumelipa? Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Abiria 36 wenye digrii na vyeo ni manahodha wengi sana.

Kuhusu majira, wapo waliopendekeza Juni kwa kuwa shule zimefungwa. Juni ni wakati wa kusi, na kusi ndiyo pepo kali ya mwambao wetu. Machi hadi Mei ni masika. Desemba shule zimefungwa vilevile na kaskazi ndiyo kwanza inaanza. Lakini hata hapo hatuna budi kuangalia mwezi, maana wakati wa bamvua maji hupwa mbali sana, na wazee watalazimika kutembea juu ya miamba kukifikia chombo.

Sasa mkataba. Kwanza, vyeti: cha chombo, cha nahodha na cha bima, vyote viwe hai siku ya safari, si siku ya mazungumzo. Kwa Tanzania Bara msimamizi ni TASAC. Kwa Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, na huko ndiko tutakakouliza. Pili, bei iandikwe imejumuisha nini: mafuta, chakula, maji ya kunywa, na ada za hifadhi za bahari. Bei rahisi mara nyingi ni bei iliyoachiwa nafasi ya kuongezeka. Tatu, arbuni: nahodha akighairi kwa ajili ya hali ya hewa, tupewe siku nyingine au turudishiwe fedha. Kifungu hiki kinatulinda sisi, tena kinamlinda na nahodha asishawishike kuondoka kwa kuogopa hasara.

Ninajua wapo watakaonung'unika kwamba hatutakuwa pamoja wote siku moja. Ni kweli, na ni jambo la kusikitisha kwa watu waliokula meza moja miaka minne. Lakini nusu itakayobaki nchi kavu itatembea Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na jioni tutakula pamoja na kusimuliana. Na wale wanafunzi wanne wana wazazi waliotuamini. Kama hatuwezi kumweleza mzazi mmoja wa Mgeta au Matombo kwa nini tulichagua chombo fulani, basi tusikipande.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, napendekeza mambo matatu. Moja, tuende Dar es Salaam kwa treni ya SGR, ambayo imekuwa ikichukua abiria kutoka hapa Morogoro tangu Juni 2024, tuvuke kwa boti ya kawaida, na tulale nchi kavu Unguja. Mbili, tukodi chombo cha tatu kwa siku mbili, watu 18 kila siku. Tatu, iandikwe katika kumbukumbu za mkutano huu kwamba neno la nahodha kuhusu kuondoka au kutoondoka ni la mwisho, na hakuna mwanachama wa cheo chochote atakayelipinga.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.