Maji ya Kuogea Pwani na Namna Yapimwavyo

Wengi wetu tukiitazama bahari husema, "Maji haya yang'aa, basi ni safi." Neno hilo si la kutegemewa. Jicho huona matope na majani. Halivioni vijidudu vitokavyo katika uchafu wa vyoo, navyo ndivyo viwaleteavyo waogaji kuhara na maumivu ya masikio.

Mpimaji hufanyaje, basi? Huingia baharini hata kina kipate mita moja, akaizamisha chupa iliyotakaswa kiasi cha sentimita 30 chini ya uso wa maji. Akiisha kuijaza, huiweka katika sanduku la baridi lisiloingia mwanga, maana jua huua vijidudu na kuharibu hesabu. Huko maabara hawatafuti kila kijidudu cha maradhi, kwani namna zake ni nyingi mno. Hutafuta vile vikaavyo matumboni mwa watu na wanyama, yaani E. coli na enterokoki. Ni kama kufuata nyayo za mwizi: yeye mwenyewe hukumwona, lakini wajua kwamba amepita.

Kipimo hicho chataka watu wawe tayari kupima, na hapo Uingereza yatupa habari ya kufikiriwa. Mwaka 1959 waganga wa huko walitoa taarifa kwamba hatari ya kuoga baharini ni ndogo sana, isipokuwa pale ambapo uchafu wachukiza hata macho. Watawala wakaishika taarifa hiyo miaka mingi. Sheria ya Ulaya ya maji ya kuogea ilipotoka mwaka 1976, Uingereza, kisiwa chenye pwani ndefu namna ile, iliandikisha fuo 27 tu. Luxembourg, isiyo na bahari hata hatua moja, iliandikisha mahali pengi zaidi! Blackpool, mji uendewao na watu wengi mno wakati wa kiangazi, haukuwamo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ujanja, wala si uchumi. Mwaka 1993 Mahakama ya Ulaya iliihukumu Uingereza kwa ajili ya fuo za Blackpool na Southport.

Mwaka uliofuata wataalamu walitangaza jaribio lao la viangazi vinne. Watu wazima 1,216 waligawanywa kwa kura, hawa waoge, hawa wakae nchi kavu. Ilionekana kwamba vijidudu vya jamii ya enterokoki vikizidi 32 katika mililita 100 za maji, waogaji huugua tumbo zaidi kuliko wenzao. Hivyo neno la mwaka 1959 likaanguka.

Sheria ilifanywa upya mwaka 2006, na fuo sasa hupewa daraja kwa hesabu za miaka minne. Lakini yafaa mjue udhaifu mmoja. Vijidudu hukuzwa maabara siku nzima au zaidi kabla ya kuhesabiwa. Kwa hiyo ubao usimamao ufuoni hueleza maji yaliyokwisha kupita. Mvua kubwa ikinyesha usiku, mifereji hufurika, na asubuhi maji si yale yaliyopimwa. Mwenye watoto asingoje ubao: baada ya mvua kubwa awazuie siku moja au mbili, na siku zote awaweke mbali na mdomo wa mfereji. Watoto hucheza pale maji yalipo haba, nao humeza maji mengi kuliko sisi.