Kimatlatzinca: Lugha Iliyobakia Kijiji Kimoja

Kabla Wahispania hawajatia mguu Mexico, bonde la Toluca, magharibi ya jiji kuu la leo, lilikuwa himaya ya Wamatlatzinca. Magofu yao ya Calixtlahuaca, yenye hekalu la mviringo la mungu wa upepo, bado yanaonekana. Katika miaka ya 1470 mfalme wa Waazteki, Axayacatl, aliwashinda. Baadhi yao walihamia Michoacán. Waliobaki wakaingiliwa na Kinahuatl, lugha ya Waazteki, kisha Kihispania.

Leo Kimatlatzinca kimebakia San Francisco Oxtotilpan, kijiji kimoja, chenye wasemaji elfu moja na ushei.

Wala si lugha ya kubezwa. Sarufi yake hutofautisha mtu mmoja, wawili na wengi, jambo ambalo Kiswahili, pamoja na utajiri wake wa ngeli, hakina. Karne ya 17, padri Diego Basalenque aliiandikia sarufi na msamiati.

Mwaka 2003 Mexico ilipitisha sheria inayozitambua lugha za wenyeji kuwa lugha za taifa, sawa na Kihispania. Sheria ni njema. Lakini mtoto hafuati sheria. Hufuata lugha ya darasani na ya ajira mjini. Oxtotilpan inahitaji walimu wanaofundisha kwa Kimatlatzinca, tena sasa, wazee wangali hai.